Tunataka nyumba, gari linakufa, na kadi naambiwa nichukue sasa

Shikamoo, mshauri.

Nina miaka 34, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mimi na mume wangu sote tumeajiriwa. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiweka akiba ya kianzio cha nyumba, na tumekubaliana kupeleka maombi ya mkopo wa nyumba mwanzoni mwa mwaka ujao, yaani miezi minane hivi kutoka sasa. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye hiyo miezi minane.

Mume wangu aliwahi kuwa na mkopo wa masomo. Alipoumaliza aliapa kwamba hatakopa tena mpaka siku ya nyumba. Mimi sijawahi kukopa popote penye karatasi. Simu nanunua taslimu, makochi tulinunua taslimu, nikikosa nasubiri. Nilikuwa naona hilo ni jambo la kujivunia, mpaka nilipozungumza na mwenzangu wa kazini aliyepata mkopo wa nyumba mwaka jana. Aliniambia, "Wewe benki haikujui. Ukienda na karatasi nyeupe watakurudisha mlangoni." Ushauri wake ni kwamba nichukue kadi mbili za mkopo sasa hivi, nizitumie na kuzilipa bila kuchelewa, ili ikifika mwakani niwe na jina.

Juu ya hilo kuna gari letu. Linachemsha. Kwenye buti hakukosekani dumu la maji, na mwezi uliopita lilizimika katikati ya makutano asubuhi, watoto wakiwa nyuma na sare zao za shule, madereva wengine wakitupigia honi. Fundi anasema injini lazima ifunguliwe. Nilipita kwenye yadi moja ya magari kuangalia tu. Muuzaji alinionyesha gari zuri, mkopo wa miaka minne, mwaka wa kwanza riba asilimia sifuri. Akasema kujua kama ninakubalika ni dakika kumi, "weka sahihi hapa tu, dada yangu." Sikuweka. Fomu nilirudi nayo nyumbani.

Mume wangu aliikuta mezani. Hakupiga kelele. Alikwenda kuchukua ile karatasi ya benki yenye masharti ya mkopo wa nyumba, akaikunjua, akaweka kidole kwenye mstari unaosema "Orodhesha madeni yote uliyonayo", akasema, "Hapa pabaki patupu." Kisha akaenda kulala. Tangu siku hiyo nikianza habari ya gari anabadilisha mazungumzo.

Mshauri, mimi pia naleta mshahara ndani ya nyumba hii. Naonekana kama mtoto aliyekutwa na pipi. Na nimechanganyikiwa kweli, maana huku nasikia kila ukiomba mkopo alama zako zinashuka, kule nasikia usipokuwa na mkopo huna alama kabisa. Inakuwaje kitu kilekile kiwe dawa na kiwe sumu? Nimefikia hata kuwaza kwamba nichukue kadi moja kwa jina langu bila kumwambia, kwa kuwa mwombaji mkuu wa mkopo wa nyumba atakuwa yeye. Nikifanikiwa atanishukuru baadaye.

Nimesahau jambo moja: mdogo wangu ameniomba nimdhamini mkopo wa biashara. Hilo naona halituhusu sana kwa sababu mkopo ni wake, lakini nimeona nilitaje.

Naomba unisaidie kufikiri.

Mke na Mama, Njia Panda

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma vizuri, na sijaona mtoto aliyekutwa na pipi. Nimeona mwanamke aliyeletewa fomu na kalamu akaondoka bila kutia sahihi, akaiacha fomu mezani pa kuonekana. Hilo lina uzito wake, nitalirudia.

Ninavyokuelewa, una haja mbili zinazovutana. Unataka benki ikujue, na huko inabidi ukope kidogo. Unataka benki ikukute mwepesi, na huko inabidi usikope. Mumeo ameshika haja ya pili peke yake, mwenzako wa kazini ameshika ya kwanza peke yake, nawe umebaki katikati. Wote wawili wana ukweli mkononi. Kinachowatenganisha ni muda. Mkopo uleule unaweza kukujenga ukiuanza mapema na kukubomoa ukiuanza umechelewa, na miezi minane ipo katikati pabaya: si mapema sana, wala hujachelewa.

Chukua Marekani kama mfano, kwa sababu hesabu za huko zinajulikana wazi kuliko kwingi. Alama zao za FICO, yaani namba inayomwonyesha mkopeshaji jinsi mtu anavyoaminika kulipa, huanzia 300 mpaka 850. Historia ya kulipa ina asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, urefu wa historia asilimia 15, mikopo mipya asilimia 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10. Ukiomba mkopo, mkopeshaji anachungulia taarifa zako na kumbukumbu ya kuchungulia huko inabaki kwa miaka miwili, ingawa FICO huihesabu kwa miezi 12 tu. Kwa watu wengi ombi moja linapunguza alama zisizofika tano. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba ukiomba tu umejiharibia imekuzwa mno. Lakini mfumo huohuo haumpi alama yoyote mtu ambaye hana hata akaunti moja ya mkopo iliyofikisha miezi sita. Hapo mwenzako hakukosea.

Nchi nyingine zina mizani nyingine. Uingereza, kwa mfano, haina alama moja inayotumiwa na wote; kila mkopeshaji ana namna yake ya kukupima. Ndiyo maana ningependa kukuuliza, kabla ya kadi na kabla ya gari: umewahi kuomba kuona taarifa zako mwenyewe kwenye kampuni inayotunza taarifa za mikopo? Kujichungulia mwenyewe hakupunguzi alama hata moja. Unasema una karatasi nyeupe, lakini umeambiwa hivyo na mtu ambaye hajaiona. Inawezekana ni nyeupe kweli. Inawezekana kuna mkataba wa simu humo umelipwa vizuri miaka yote. Inawezekana pia kuna kosa la jina au deni la mtu mwingine, na makosa ya namna hiyo huchukua wiki nyingi kusahihishwa, kwa hiyo heri uyajue sasa. Mumeo naye aangalie. Yule aliyemaliza mkopo wa masomo hana karatasi nyeupe.

Halafu mwenzako. Kadi alichukua, mkopo wa nyumba alipata. Je, alipata kwa sababu ya kadi? Huenda. Huenda pia alikuwa na kianzio kikubwa, au ajira ya muda mrefu mahali pamoja, au aliomba benki ambayo mshahara wake unapitia humo. Wako wakopeshaji wa nyumba ambao, wakikuta mtu hana historia, wanamkagua kwa mkono: hati za mshahara, taarifa za benki za miezi kadhaa, risiti za kodi ya nyumba aliyolipa bila kuchelewa. Wako wengine ambao hawataki kusikia. Sijui wa kwenu ni wa kundi lipi, wewe pia bado hujui, na jibu hilo lina thamani kuliko kadi.

Ukiona kweli historia inahitajika, kadi ina njia zake. Ikianza kazi mwezi huu, mwakani itakuwa na miezi minane. Ukiichelewesha mpaka karibu na maombi, utakuwa umejipatia doa la ombi jipya bila faida ya muda. Mbili kwa pamoja sioni zinaongeza nini ambacho moja haikupi, isipokuwa maombi mawili na kishawishi mara mbili. Tena angalia ukomo wake, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa kwa kadi hiyo. Kuna nchi, Australia ikiwa mojawapo, ambako mkopeshaji wa nyumba anahesabu ukomo wa kadi yako kana kwamba umeutumia wote, hata kama hudaiwi kitu. Kwa mpimaji wa namna hiyo, kadi kubwa iliyolala kabatini ni deni.

Kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kiasi kinachoonekana kwenye taarifa zako kwa kawaida ni kile kilichokuwepo siku ya kufunga hesabu ya mwezi, si kile ulichobakiza baada ya kulipa. Mtu anaweza kulipa kadi yote kila mwezi na bado akaonekana ameitumia mpaka ukingoni, kwa sababu analipa siku chache baada ya hesabu kufungwa. Ukiitumia kidogo na kulipa kabla ya siku hiyo, utaonekana jinsi ulivyo. Hatari yenyewe unaijua: rejesho moja likisahaulika kwenye historia ya miezi minane linaonekana kutoka mbali, kwa kuwa halina mengine mazuri ya kulifunika.

Sasa gari, na hapa ndipo ningependa ukae na daftari. Alama tumezizungumza, lakini kwenye mkopo wa nyumba kuna kipimo kingine ambacho naona hakijatajwa na yeyote kati yenu watatu: sehemu ya kipato inayoondoka kila mwezi kulipa madeni. Kila mkopeshaji ana kikomo chake. Kanuni ya zamani ya Marekani ilisema makazi yasizidi asilimia 28 ya kipato, na madeni yote kwa jumla yasizidi 36. Wengine wanaruhusu zaidi.

Tuseme kipato chenu kwa pamoja ni 100 kwa mwezi, na mkopeshaji anaruhusu madeni ya 40. Msipodaiwa kitu, 40 yote inaweza kwenda kwenye nyumba. Kwa riba ya asilimia 10 na muda wa miaka 20, rejesho la 40 linabeba mkopo wa kama 4,145. Sasa tia gari lenye rejesho la 12. Zimebaki 28, na 28 inabeba kama 2,900. Uwezo wenu umeshuka kwa asilimia 30, na hakuna alama hata moja iliyoguswa katika hesabu hii. Gari litalipwa miaka minne liishe, lakini litakuwa limewachagulia nyumba ya miaka 20. Weka namba zenu halisi hapo. Pengine rejesho ni dogo kuliko mfano wangu, au kipato chenu kina nafasi ya kutosha na nyumba mnayoitaka haifiki huko juu. Basi gari halitadhuru sana, na mumeo atakuwa na haki ya kuonyeshwa hivyo kwa karatasi.

Ile asilimia sifuri haibadilishi mahesabu haya, kwa kuwa mkopeshaji wa nyumba anatazama rejesho, si riba iliyomo ndani yake. Zaidi ya hapo, sifuri ni ya mwaka mmoja na mkopo ni wa minne; mimi ningetaka kuona miaka mitatu iliyobaki imeandikwa nini. Na zile dakika kumi za kujua kama unakubalika, muulize muuzaji kama ni kuangalia juu juu au ni ombi kamili, maana sahihi moja inaweza kumpa ruhusa ya kupeleka jina lako kwa wakopeshaji kadhaa kwa mkupuo. (Wauzaji hawa wana vipawa. Sijawahi kumsikia mmoja akisema jambo litachukua saa nzima.)

Lakini sitaki kukwambia gari lisubiri kana kwamba kusubiri hakuna gharama. Watoto walikuwa ndani lilipozimika kwenye makutano. Mnaweza kuifungua injini na kumwomba fundi awaambie kweli kama itafika mwakani. Hatari ni kutia pesa kwenye gari ambalo litakufa hata hivyo. Mnaweza kununua gari la kawaida kwa taslimu, lakini akiba hiyo ndiyo kianzio, na kianzio kikipungua mkopo unakuwa mkubwa, na mara nyingi riba au bima ya mkopo inapanda pamoja nao. Mnaweza kuanza na gari na kuisogeza nyumba mwaka mmoja au miwili. Hapo historia yako itajengeka vizuri na rejesho la gari litakuwa limezeeka, ila bei za nyumba na riba hazina ahadi na mtu. Mnaweza pia kuanza na nyumba na kulifuata gari baadaye. Mkichagua hiyo, kumbukeni kwamba kukubaliwa si kupewa. Wakopeshaji wengi huchungulia tena taarifa zenu kabla ya kutoa fedha, na watu wamewahi kukosa nyumba kwa gari au makochi waliyokopa wiki mbili kabla ya funguo. Na mwezi wa kwanza ndani ya nyumba mpya huja na gharama zake, kwa hiyo gari linaweza kusubiri zaidi ya mnavyodhani.

Kwenye kutafuta mkopo wa nyumba wenyewe, usiogope kuzunguka. Mifumo mingine inaelewa kwamba mtu anatafuta riba nzuri. FICO huhesabu maombi ya mkopo wa nyumba yaliyofanywa ndani ya siku 45 kama ombi moja, ingawa matoleo yake ya zamani hutoa siku 14 tu. Huko kushindanisha wakopeshaji si kosa.

Mdogo wako: mkopo ni wake, ila dhamana ni yako. Wakopeshaji wengi wataihesabu kama deni lako au angalau watauliza. Unaweza kumwambia hivyo kama ulivyo, kwamba una ombi kubwa mbele yako, bila kumfunga mlango moja kwa moja.

Nije kwenye kadi ya siri. Hapa nataka nikuulize kwa upole, kwa sababu naamini ulichoandika ni kwamba unamtakia mema. Kama kipato chako kitahitajika ili mkubaliwe, jina lako litakuwemo kwenye maombi na kadi itaonekana, pengine mbele ya afisa mikopo, mumeo amekaa kiti cha pili. Kama kipato chako hakitahitajika na utakaa nje ya maombi, basi historia yako haihitajiki pia, na kadi haina kazi. Umeiona hiyo? Naona siri hii haina mahali pa kukaa vizuri. Lakini zaidi ya hesabu, unadhani atakachokisikia ni "mke wangu ametusaidia," au ni "ameona hatuwezi kuzungumza"?

Ndiyo maana ile fomu uliyoiacha mezani imenigusa. Ungeweza kuiweka kwenye pochi. Nadhani ulitaka aione. Naye akajibu kwa kidole, na kidole hakielezi mtu anaogopa nini. Je, anaogopa deni lenyewe, kwa namna alivyolibeba lile la masomo? Anaogopa kwamba benki itawakatalia baada ya miaka yote hii na hatakuwa na la kuwaambia watoto? Au anaona gari likichemsha kila asubuhi na anaona haya kwamba hana jibu? Sijui, na wewe unaniandikia kama mtu ambaye hajui pia. Swali hilo linaulizwa bila fomu mezani na bila neno "mkopo" ndani yake.

Naye anahitaji kusikia lako. Kwamba unaleta mshahara na unataka kuwa mwenye kauli, si mwenye kuomba ruhusa. Mstari ule wa madeni kwenye karatasi ya benki utajazwa na nyinyi wawili, na kila mmoja ana haki ya kujua kitakachoandikwa na kwa nini.

Mkishaona taarifa zenu zote mbili, ningefikiria kwenda pamoja kwa afisa mikopo wa nyumba sasa, si mwakani, kwa mazungumzo tu bila kupeleka maombi. Muulizeni: mtu asiye na historia anapimwaje hapa? Madeni ya mwezi yanaruhusiwa mpaka sehemu gani ya kipato? Kadi inahesabiwa kwa ukomo au kwa kinachodaiwa? Rejesho la gari la kiasi hiki litatupunguzia mkopo kiasi gani? Na mumeo aulize la kwake pia, lolote lile. Mwombeni majibu hayo awaandikie, hata kwa barua pepe, maana afisa anaweza kuhamishwa kabla miezi minane haijaisha, na atakayekuja hatajua mliahidiwa nini.